Chalawan na majitu yake: tunayodhani na yalivyo

Kwenye orodha za wanaastronomia nyota ya Chalawan inaitwa 47 Ursae Majoris. Iko katika kundinyota la Dubu Mkubwa, umbali wa miaka ya nuru kama 45 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na inakaribiana na Jua kwa ukubwa, rangi na joto. Aliye mbali na taa za mji, iwe Nanyuki au Singida, akitazama kaskazini jioni za Aprili anaweza kuiona kwa macho matupu, japo kwa tabu, maana ni hafifu. Inazungukwa na sayari kubwa za gesi: ya kwanza ilitangazwa mwaka 1996, ya pili 2001. Karibu kila uvumi unaosambaa mitandaoni kuhusu sayari za nyota nyingine unaweza kupimwa kwa nyota hii moja.

"Nyota ikiwa kama Jua, sayari zake zitapangika kama zetu"

Fikra hii hata wataalamu waliishika kwa muda mrefu. Kwetu sayari za mwamba, kuanzia Utaridi hadi Mirihi, ziko karibu na Jua, na majitu ya gesi, Mshtarii na Zohali, yako mbali kwenye baridi. Ikaonekana hiyo ndiyo kanuni. Oktoba 1995 wanaastronomia wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, wakatangaza sayari ya 51 Pegasi, nyota nyingine ya jamii ya Jua. Uzito wake unakaribia nusu ya Mshtarii, lakini mwaka wake mzima ni siku 4 na ushee. Utaridi, iliyo karibu kabisa na Jua, huchukua siku 88. Ni vigumu kwa jitu la gesi kuzaliwa kwenye joto kali namna ile, ndiyo maana wengi wanaona kwamba liliundwa mbali, kisha likasogea ndani. Wawili hao walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2019.

Baada ya hapo watu wakaangukia upande wa pili, wakadhani kila nyota ina jitu linaloungua mlangoni. Sivyo. Majitu ya aina hiyo yapo kwa takriban nyota 1 katika kila 100 zinazofanana na Jua. Yalijaa kwenye habari za mwanzo kwa sababu ndiyo rahisi kugundua. Chalawan ni tofauti: jitu lake la kwanza linazunguka kwa siku 1,078, la pili kwa siku kama 2,390, na njia zao zinakaribia duara. Hata hivyo si nakala ya kwetu. Umbali wa jitu la kwanza kutoka kwa nyota yake ni mara 2.1 ya umbali wa Dunia na Jua. Lingekuwa huku, lingekaa nje kidogo tu ya Mirihi, pale ukanda wa asteroidi, yaani miamba midogo inayozunguka Jua, unapoanzia, na sijui kama Mirihi ingebaki salama.

"Picha zake zipo, tumeziona"

Picha hizo nzuri zenye mawingu ya rangi na pete ni michoro ya wasanii. Hakuna aliyeiona sayari ya Chalawan. Kilichoonekana ni nyota yenyewe ikiyumba.

Mtu mzima akimshika mtoto mikono na kumzungusha uwanjani, mtoto ndiye anayeruka mduara mkubwa, lakini yule mtu mzima naye hasimami wima: anaegemea nyuma na kuchora kiduara kidogo chake. Nyota na sayari ni hivyo hivyo. Zote mbili huzunguka kitovu cha pamoja, kwa hiyo hata usemi kwamba sayari huzunguka nyota iliyotulia si sahihi kabisa. Mshtarii hulifanya Jua liende na kurudi kwa mwendo wa mita 12.5 hivi kwa sekunde. Chalawan huyumba kwa karibu mita 49 kwa sekunde kwa ajili ya jitu lake kubwa. Nyota inapotujia, mwanga wake huelekea kidogo kwenye buluu, na inapotukimbia huelekea kwenye wekundu. Badiliko hilo ni dogo mno, na watu waliketi wakalipima kwa miaka. Njia hii ina upungufu wake: haikuambii njia ya sayari imeinama kiasi gani kwetu, kwa hiyo uzito unaopatikana ni wa chini kabisa. Ukisoma kwamba jitu lile lina uzito wa Mshtarii mara 2.5, weka neno "angalau" mbele.

Picha halisi zipo za wachache. Mwaka 2020 darubini ya VLT huko Chile ilitoa picha ya majitu 2 yanayozunguka TYC 8998-760-1, nyota changa inayofanana na Jua, ya umri wa miaka milioni 17 tu. Yalionekana kwa kuwa bado yana joto la kuzaliwa na yako mbali sana na nyota yao. Na hata hapo ni vidoa vya mwanga, si mawingu wala pete.

"Jitu la gesi ni nyota iliyokosa bahati"

Kukosa bahati kungekuwa kukosa kidogo. Mshtarii ungehitaji kuongezewa uzito hadi mara 80 hivi ndipo uanze kuchoma hidrojeni kama nyota. Jitu la Chalawan halikaribii.

"Ukilipa, nyota inapewa jina lako"

Utapewa cheti cha kutundika ukutani, basi. Majina rasmi hutolewa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, bila kuuziwa mtu. Jina Chalawan lilitoka Thailand mwaka 2015: ni mfalme wa mamba katika hadithi yao ya kale. Mwaka 2019 nchi nyingi zilipewa kila moja nyota yake ya kuipa jina. Tanzania ikaita WASP-71 Mpingo na sayari yake Tanzanite. Kenya ikaita HD 83443 Kalausi, upepo wa kisulisuli kwa Kiluo, na sayari yake Buru, yaani vumbi. Sayari zote 2 ni majitu yanayomaliza mwaka kwa siku 3 hivi. Nashangaa shule zetu hazilisemi hili.

Kalausi pia inajibu wanaodhani kila kinachotangazwa kimethibitika. Mwaka 2000 ilitangazwa kuwa na sayari ya pili yenye mzunguko wa siku kama 30. Kundi jingine likapima, halikuiona, na dai likaondolewa. Chalawan nayo ilitangaziwa sayari ya tatu mwaka 2010, yenye mzunguko wa siku kama 14,000, zaidi ya miaka 38. Ya namna hiyo haithibitishwi upesi.

"Huko kuna viumbe, tumeshawasiliana nao"

Tulichofanya ni kuongea peke yetu. Mwaka 2001 antena kubwa ya Evpatoria, Crimea, ilirusha ujumbe wa redio kuelekea Chalawan, na 2003 ukarushwa mwingine. Hakuna ishara yoyote ya uhai iliyopatikana kule, na majitu yenyewe hayana ardhi ya kukanyaga. Ujumbe wa kwanza utafika mwaka 2047. Hata wakiwepo wa kuupokea na wakajibu siku hiyohiyo, jibu halitatufikia kabla ya 2090.