Mabadilishano ya vijana ni nini, na akili mnemba inaingiaje humo?

Ukisikia kijana amekwenda kwenye mabadilishano, usidhani amehamia shule ya ng'ambo. Mabadilishano ya vijana ni makutano mafupi: vikundi vya vijana kutoka nchi mbili au zaidi hukaa pamoja, hula pamoja na kujifunza jambo walilolichagua, kisha kila mmoja hurudi kwao. Katika mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+, makutano hayo huchukua siku 5 hadi 21, safari haihesabiwi, na ni ya wenye umri wa miaka 13 hadi 30. Utalii haugharimiwi. Mtihani pia hakuna. Mwishoni kijana anaweza kupata cheti cha Youthpass, na humo hueleza mwenyewe alichojifunza.

Siku hizi mada mojawapo ni akili mnemba (AI), au akili unde kama wengine waitavyo, yaani mashine zinazojifunza kutokana na maandishi, sauti au picha nyingi. Stadi zinazofundishwa si lazima ziwe za kuandika programu. Ni kujua mashine imejifunzia wapi, kuiuliza vizuri, kukagua majibu yake, na kutoilisha siri za watu.

Sasa, kwa nini wakutane watu wa nchi mbalimbali? Tuseme wameketi meza moja vijana wa Ufini, Hungaria na Uhispania. Kifini kina neno hän na Kihungari kina ő, kwa mwanamume na mwanamke vilevile, kama yeye yetu. Mashine za kutafsiri zikipewa "yeye ni daktari" na "yeye ni muuguzi" ziyapeleke kwa Kiingereza, mara nyingi zimemfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Hakuna aliyeziagiza. Zimefuata tu mazoea ya maandishi ziliyolishwa. Mhispania, ambaye lugha yake huonyesha jinsia karibu kila mahali, anaweza asiligundue kosa hilo hadi mwenzake amwonyeshe. Kozi ya mtandaoni ingeweza kulieleza, lakini kuona lugha ya rafiki yako ikipotoshwa mbele yako hukaa moyoni zaidi.

Stadi hizo ni sehemu ya kwanza; ushiriki katika jamii ndiyo sehemu ya pili, na kwangu ndiyo nzito. Maana yake ni kwamba ujuzi ule urudi mtaani: kumwonyesha bibi jinsi matapeli wanavyoweza kuiga sauti ya mjukuu wake kuomba pesa, au kusaidia kikundi cha akina mama kuandika tangazo na kulihakiki kabla halijatoka. Kikundi kisichojua kitafanya nini kikirudi nyumbani hakijawa tayari kusafiri.

Kazi nyingine ya namna hii haihitaji hata viza. Common Voice, mradi ulioanzishwa mwaka 2017 na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, hukusanya sauti za wanaojitolea, Kiswahili kikiwemo. Mtu husoma sentensi, wengine husikiliza na kuthibitisha, na rekodi hutolewa bure kwa watengenezaji wa mashine zinazosikia lugha. Vijana wa Mombasa au Bukavu wanaweza kuanza Jumamosi hii, kwa simu zao, kwa matamshi ya kwao.