Kwa nini injini ndogo iliyochukua miaka mitatu huuzwa kwa bei ya chini?

Je, wajua kwamba mtu anaweza kumaliza saa elfu moja kwenye mashine ya kukereza, akatoa injini ya mvuke ya kukaa kiganjani, pistoni na vali zake zote zikifanya kazi, na siku ya kuiuza akapewa pesa ambazo ukizigawa kwa saa hizo hazifikii ujira wa kibarua?

Hajadhulumiwa. Anayeielewa kazi ile kuliko wote ni fundi mwenzake wa vijimashine, na huyo ndiye asiyeihitaji. Raha yake iko katika kukereza. Injini iliyokwisha haimpi chochote cha kufanya. Asiyeielewa kazi naye anaona pambo la mezani, basi analipia pambo.

Halafu kuna wingi. Jarida la Model Engineer lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1898, na tangu hapo michoro ya injini ndogo imepita mikononi mwa vizazi vya mafundi. Injini ndogo ya mvuke kama ile iitwayo Stuart 10V huuzwa ikiwa seti ya vipande vya chuma kilichosubiwa, mnunuzi akaikereza mwenyewe. Wengi wamejifunzia kwayo, kwa hiyo ziko nyingi, nzuri na mbaya. Injini kama hiyo ikiuzwa, si rahisi bei yake ipande mbali na bei ya seti yenyewe.

Mnunuzi mzoefu hahesabu saa. Anaizungusha injini kwa mkono taratibu, akisikiliza vidole vyake: je, kuna mahali inakaza? Kisha anaipa hewa ya kompresa, kidogo tu. Kwenda kasi si ajabu, hata injini iliyotengenezwa ovyo huenda kasi ukiisukumia hewa ya kutosha. Inayozunguka polepole bila kusita ndiyo inayoonyesha kwamba msuguano ni mdogo na vali zinafunguka kwa wakati wake. Baada ya hapo anatazama vichwa vya bolti. Bolti kubwa za dukani kwenye injini ndogo huharibu sura yote, kama vifungo vya koti kwenye nguo ya mtoto mchanga.

Treni ndogo za mvuke zina hesabu yake. Zile za reli ya upana wa inchi 5 au inchi 7¼ huweza kuvuta watu, na wapo wanaotaka kuendesha bila kungoja miaka kumi ya kutengeneza. Hapo jasho la fundi hulipwa afadhali. Lakini kila kitu kinategemea boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Katika vilabu vya Uingereza, boila mpya hujaribiwa kwa maji yenye shinikizo mara mbili ya lile la kufanyia kazi, kisha hupewa cheti. Pasipo karatasi hizo, mwenye busara huihesabu treni kana kwamba haina boila, na boila ya shaba nyekundu ni miongoni mwa vitu ghali kuliko vyote ndani yake.

Inayoumia zaidi sokoni ni kazi iliyoachwa nusu. Mara nyingi huuzwa chini ya gharama ya vifaa vyake, maana hakuna ajuaye tundu gani lilitobolewa vibaya na fundi aliyekufa kabla ya kuimaliza.

Ukitaka kujua bei ya haki, usishike bei anayotaja muuzaji kwenye tangazo. Hiyo ni ndoto yake. Tafuta bei ambazo injini ya muundo uleule, katika hali ileile, imekwisha kulipiwa mnadani. Na kama umerithi moja, usiisugue kwa msasa ing'ae. Itafute kwanza michoro, daftari la fundi na picha za wakati ikijengwa, uziweke katika sanduku lilelile la injini.