Burundi: dola moja, bei mbili

Nikiulizwa uchumi wa Burundi ukoje, sianzi na pato la taifa. Nauliza dola leo ni shilingi ngapi benki (samahani, faranga, mazoea ya Kigoma), halafu nauliza mtaani. Mei 2023 Benki Kuu iliishusha faranga, dola ikaruka kutoka 2,100 hivi hadi zaidi ya 2,800. Tukadhani pengo limezibwa. Wapi! Baadaye bei ya mtaani ikapita mara mbili ya ile ya benki.

Anayeumia kwanza ni mkulima wa kahawa. Kule Kayanza na Ngozi anachuma matunda mekundu, anayabeba hadi kwenye mtambo wa kuoshea, analipwa faranga zilizopigiwa hesabu kwa dola ya benki. Akienda dukani, bati na sabuni vimeletwa kwa dola ya mtaani. Ndiyo maana gunia huvuka mpaka usiku kuelekea Rwanda.

Mafuta ni hadithi hiyohiyo. Nchi haina bahari. Petroli hupandishwa kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam na hulipwa kwa dola. Zikikosekana, vituo vinakauka. Bujumbura nimeona foleni ya magari matupu: wenyewe wamefunga milango, wamekwenda kulala. Buyenzi, mtaa wa mafundi gereji na wa Kiswahili, fundi mmoja alinionyesha petroli ndani ya chupa ya maji, imevushwa kutoka Uvira, upande wa Kongo.

Dola hazikukauka zenyewe. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza aling'ang'ania muhula wa tatu, likafuata jaribio la mapinduzi, watu wakakimbia kwa malaki, na 2016 Umoja wa Ulaya ukakata msaada wa moja kwa moja kwa serikali. Ulifungua tena 2022, chini ya Rais Ndayishimiye, lakini kahawa na chai peke yake hazikuwa zimeweza kuziba shimo.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: anayepewa dola kwa bei ya benki ameshapata faida kabla hajaagiza hata kontena moja. Kibali cha kupata dola hizo kinakuwa biashara. Wa kuhoji hilo ni Bunge. Humo, Katiba ya 2005, iliyotokana na Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000, ilipanga Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, na mgao huo umedumu. Ila Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilizoa viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Orodha ya wanaopewa dola hizo, humo ndani nani ataidai?