Notisi ya Siku Tano: Mpangaji Afanye Nini Kodi Inapopandishwa Ghafla

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. "Kuanzia tarehe 1 Aprili kila muzigo ni 260,000. Asiyeweza aachie nafasi." Umeingia kwenye WhatsApp tarehe 27 Machi, na wewe umekuwa ukilipa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa muzigo wako, yaani chumba cha kupanga. Wapangaji wengi wa Uganda, wawe Kisenyi, Nsambya, Arua au Busia, hufanya moja kati ya mambo mawili: hulipa huku wakinung'unika, au hugoma wasilipe hata senti. Aliyelipa kimya ameonekana kukubali bei mpya. Aliyegoma ameanza kujijengea deni, na deni ndilo mlango ambao mwenye nyumba anautafuta.

Msimamo wangu ni huu: pinga kwa maandishi ndani ya siku chache, na uendelee kulipa kodi ya zamani siku yake ikifika, bila kuchelewa hata siku moja. Hayo mawili yaende pamoja.

Tuanze na sheria. Uganda ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, iliyofuta ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi na pia ile iliyoruhusu mali ya mpangaji kukamatwa kwa ajili ya kodi. Kwa mwaka, kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10. Kabla ya kuipandisha, mwenye nyumba anatakiwa ampe mpangaji notisi ya siku 60. Ukinukuu sheria hii kwenye barua, taja jina lake na mwaka, usihangaike na namba za vifungu. Toleo jipya la sheria za nchi lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba nyingi zilibadilika. Barua yenye namba ya zamani humpa mwenzako sababu ya bure ya kukubishia.

Sasa chukua ule ujumbe uupime. Siku ya kwanza ya kuhesabu ni tarehe 28 Machi. Machi inakupa siku 4, Aprili 30, jumla 34. Zinabaki 26, na zinaishia tarehe 26 Mei. Kama kodi yako hulipwa tarehe mosi, bei mpya haiwezi kuanza kabla ya tarehe 1 Juni. Na hata hiyo Juni, asilimia 10 ya 200,000 ni 20,000, kwa hiyo mwisho ni 220,000. Ujumbe una makosa mawili, siku na kiasi. Yataje yote mawili, maana ukitaja siku peke yake, mwenye nyumba atasubiri siku 60 zipite halafu adai 260,000 ileile.

Lipo kosa ambalo watu hulitaja vibaya: "Notisi ya WhatsApp si notisi." Usiegemee hapo. Sheria za Uganda zinatambua ujumbe wa kielektroniki, na hii ya 2022 yenyewe inakubali mkataba wa kupanga uwe katika ujumbe wa namna hiyo. Tena ule ujumbe ni mali kwako. Una tarehe, una saa, una kiasi alichodai. Upige picha ya skrini leo hii, kabla haujafutwa. Kama tangazo lilitolewa kwa mdomo uani, mwandikie siku hiyohiyo: "Leo tarehe 27 Machi umetuambia kwamba kodi itakuwa 260,000 kuanzia tarehe 1 Aprili." Akijibu "ndiyo", ushahidi umepatikana.

Barua ya kupinga isizidi ukurasa mmoja. Andika kwa lugha anayoisoma mwenye nyumba, Kiingereza au Luganda, ila Kiingereza ni bora, kwa sababu huenda ikafika mahakamani na mahakama za Uganda hutumia Kiingereza. Maneno ya msingi yanatosha kuwa hivi:

"Nimepokea taarifa yako ya tarehe 27 Machi ya kupandisha kodi ya muzigo namba 4 kutoka shilingi 200,000 hadi 260,000 kuanzia tarehe 1 Aprili. Muda uliotolewa ni siku tano, na ongezeko ni asilimia 30. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka notisi ya siku 60 na ongezeko lisilozidi asilimia 10 kwa mwaka. Nitaendelea kulipa 200,000 kwa tarehe yake. Niko tayari tuzungumze kuhusu ongezeko linalofuata sheria."

Hakuna matusi, hakuna vitisho vya polisi. Tia sahihi na tarehe, toa nakala mbili, umwombe aliyeipokea asaini ya kwako. Akikataa kusaini, ipige picha ikiwa mezani kwake au itume kwa simu, kisha nakala nyingine mpelekee mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, aigonge muhuri. Wapangaji wa ua mmoja wakisaini barua moja inakuwa na uzito zaidi, ila kila mmoja aandike namba ya chumba chake na kodi anayolipa, kwa sababu mara nyingi hawalipi sawa.

Kabla ya kuipeleka, soma mkataba wako tena. Sheria inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Pengine una karatasi uliyosaini mbele ya broka na hujaifungua tangu siku hiyo. Angalia kama inataja muda wa notisi, tarehe ya kupitia upya kodi, na nani analipa maji, takataka na mlinzi. Mwenye nyumba akiona asilimia 10 inambana, mara nyingi huhamia huko. Kodi inabaki 200,000, lakini "ada ya mlinzi" ya 40,000 inazuka. Mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Kama malipo hayo hayakuwemo, yajibu kwa barua ileile.

Sasa malipo, na hapa ndipo wengi huteleza. Tarehe mosi ikifika lipa 200,000 kwa njia inayoacha alama. Ukituma kwa simu, kwenye sehemu ya sababu andika "Kodi Aprili muzigo 4". Ukilipa taslimu, dai risiti. Ni haki yako kisheria. Risiti ikiandikwa "sehemu ya kodi" au "baki 60,000", usiiache hivyo. Mwandikie palepale kwamba hiyo ni kodi kamili ya Aprili. Akikataa kuipokea pesa, mtumie ujumbe kwamba umeileta na iko tayari, mwite LC1 ashuhudie, na usiitumie kwa jambo jingine. Deni la kodi likipita siku 30, mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kuomba uondolewe, na hapo hoja yako nzuri ya notisi inafika ikiwa imechoka.

Lazima niseme na upande mgumu. Kama unapanga mwezi hadi mwezi, mwenye nyumba anaweza kuamua kusitisha upangaji kwa notisi ya siku 30. Kwa hiyo kabla ya kupeleka barua jiulize gharama ya kuhama: pikapu, pesa ya broka, malipo ya mwanzo ya chumba kingine, shule ya watoto. Wakati mwingine kukubaliana 215,000 kwa maandishi, bei isiguswe mwaka mzima, ni nafuu kuliko ushindi. Lakini hata notisi ya kuhama ikiisha, kukutoa kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa la jinai. Kufuli juu ya kufuli lako, mlango uliong'olewa, mabati yaliyoezuliwa, vyote hivyo ni kukutoa kwa nguvu. Piga picha, mwite LC1, uripoti polisi na uchukue namba ya ripoti.

Mgogoro wa pesa usiozidi shilingi milioni 10 unaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu, bila wakili. Kwanza unamwandikia mdaiwa dai na kumpa siku 14. Wasio na uwezo hupata msaada wa bure Justice Centres Uganda au FIDA, chama cha wanasheria wanawake, na wakimbizi Refugee Law Project iliyo Kampala. Mkimbizi aliyepanga ana haki hizihizi. Kadi yake ya ukimbizi inatosha kumtambulisha.

Jambo moja la pembeni. Haya yote ni ya nyumba na vyumba vya kupanga. Kama wewe una kibanja, yaani kipande unachokaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, na unalipa busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka, kwa mwenye ardhi, sheria yako ni ile ya Ardhi ya mwaka 1998, na barua niliyoandika hapa haikufai.