Sarafu chini ya godoro: mapenzi ya mwanafunzi kwa guru wake

Kila mwaka, mwezi unapopevuka katika mwezi wa Kihindu uitwao Ashadha, ambao huangukia kati ya Juni na Julai, Wahindu huadhimisha Guru Purnima, siku ya kumshukuru mwalimu wa kiroho. Mwaka mmoja niliihudhuria katika hekalu la Nairobi, nikiwa nimekaa nyuma kabisa na daftari langu magotini. Mbele, juu ya kitambaa cha hariri, palikuwa na jozi ya mitalawanda ya mti, yenye msuruaki wa kubaniwa kati ya kidole gumba na cha pili, kama ile iliyovaliwa na bibi zetu wa pwani. Mzee mmoja, ambaye nje ya hekalu lile alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kuinukiwa na wengine, aliteremka chini polepole mpaka magoti yakamlia, akaigusa ile mitalawanda kwa ncha za vidole, kisha akavipeleka vidole vyake kwenye kipaji cha uso. Mwanafunzi wangu aliyekuwa kando yangu aliniinamia akaninong'oneza: «Mwalimu, sasa huyu anaabudu viatu?»

Siku ile nilimjibu kwa kifupi tu, kwa sababu hekaluni si mahali pa mihadhara. Swali lake, hata hivyo, ndilo ninaloulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote tangu nilipoanza kufundisha dini za Bara Hindi.

Kwa msemaji wa Kiswahili, jibu linaanzia mdomoni mwake mwenyewe. Shikamoo, kama tulivyofundishwa, ni ufupisho wa «nashika miguu yako». Sisi tumebaki na neno na tendo limetutoka. Mhindu amebaki na tendo. Mtoto huishika miguu ya wazazi wake, bibi harusi ya wakwe zake, na mwanafunzi huishika ya guru. Mitalawanda, ambayo wao huiita paduka, husimama badala ya miguu wakati mwenyewe hayupo au amekwisha kufariki. Aliyeiinamia alikuwa akimwamkia mwalimu wake.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimelainisha mambo kupita kiasi, maana heshima anayopewa guru inapita mbali sana ile ya mzazi. Neno lenyewe katika Kisanskriti kwanza ni sifa, na maana yake ni «-zito». Guru, basi, ni mtu mzito, karibu kabisa na vile tunavyolitumia neno hilo barazani. Waumini wana tafsiri nyingine wanayoipenda zaidi, kwamba «gu» ni giza na «ru» ni kile kiliondoacho giza, tafsiri ambayo wanaisimu hawaikubali lakini inayotuonyesha vizuri kile ambacho mwanafunzi anakitarajia. Upanishadi ya Shvetashvatara, mojawapo ya maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, inasema katika ubeti wake wa mwisho kwamba mafundisho yake humng'aria yule mwenye mapenzi makuu kwa Mungu, na kwa guru kama kwa Mungu. Katika beti zinazohusishwa na Kabir, mshairi mfumaji wa Varanasi, kuna ubeti mashuhuri ambamo guru na Mungu wamesimama pamoja, na mtu anajiuliza aanze kuishika miguu ya nani. Anaamua kuanza na ya guru, kwa kuwa ndiye aliyemwonyesha Mungu. Wasomaji waliokulia karibu na zawiya, wanaojua uhusiano wa muridi na murshidi wake, watayaona mengi ya kufanana, ingawa Mwislamu hataafiki lile la kuwaweka wawili hao bega kwa bega.

Mapenzi haya yana jina, bhakti, na yana utaratibu wake. Katika Upanishadi ya Mundaka, anayetaka kumjua Mungu anaambiwa amwendee mwalimu akiwa ameshika kuni mkononi. Kuni hizo ni za moto wa sadaka, na kuzibeba ni kusema bila maneno: nimekuja kufanya kazi nyumbani kwako. Zamani kijana aliishi kwa mwalimu miaka mingi, akichunga ng'ombe wake na kuutunza moto wake, na elimu ikaingia polepole pamoja na moshi. Siku ya kupokelewa rasmi, ambayo huitwa diksha, katika madhehebu mengi guru humnong'oneza mwanafunzi mantra sikioni, maneno machache ambayo atayarudia maisha yake yote na ambayo hatakiwi kuyatangaza. Kwa hiyo pana siri baina ya watu wawili, na siri hufunga kuliko mkataba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, waandishi wengi wa nje hulikosa. Watu husikia habari za kusujudu na kutumikia, wakahitimisha kwamba mwanafunzi ametakiwa aiache akili yake nje pamoja na viatu. Maandiko hayasemi hivyo. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya nne, ubeti wa 34, inamwagiza mtu ajifunze kwa njia tatu: kwa kusujudu, kwa kuuliza, na kwa kutumikia. Kuuliza kumewekwa katikati, na neno lililotumika ni la kuuliza kwa kuzunguka jambo pande zote. Na Upanishadi ya Taittiriya, ileile inayomwambia kijana anayehitimu «mwalimu na awe mungu kwako», mistari michache tu mbele inamweka mwalimu huyohuyo akisema kwamba matendo yetu mema ndiyo ya kuyafuata, wala si mengine. Mwalimu anakiri mbele ya mwanafunzi wake kwamba hayo mengine yapo.

Mfano ninaoutumia darasani kulifafanua hili ni wa Ramakrishna na Narendranath Datta, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Vivekananda. Ramakrishna alizaliwa mwaka 1836 katika kijiji cha Kamarpukur, Bengal, akawa kuhani wa mungu wa kike Kali katika hekalu la Dakshineswar, kaskazini mwa Kolkata, kando ya mto. Shule hakusoma sana. Narendra alizaliwa mwaka 1863 mjini Kolkata, mtoto wa wakili, msomi wa chuo, mwimbaji mzuri, mshiriki wa Brahmo Samaj, jumuiya ya wanamageuzi waliokataa sanamu. Walikutana mwaka 1881. Huyu wa pili alikuwa na desturi ya kuwauliza viongozi wa dini swali moja: je, umemwona Mungu? Wengi walimjibu kwa maelezo marefu. Ramakrishna alimjibu kwamba ndiyo, namwona kama ninavyokuona wewe, tena kwa uwazi zaidi.

Ungetarajia kijana aanguke miguuni pake papo hapo. Hakuanguka. Katika ziara yake ya kwanza Dakshineswar, kuhani yule alimvuta barazani, akalia machozi kana kwamba amempata ndugu aliyepotea miaka mingi, akamlisha vitamutamu kwa mkono wake mwenyewe, na Narendra akaondoka akiwa na yakini kwamba amekutana na mwendawazimu. Mara nyingine Ramakrishna alimgusa kwa mguu, na kijana akaona kuta na dunia nzima vikizunguka na kuyeyuka, akapiga kelele: unanifanya nini, mimi nina wazazi nyumbani! Mzee akacheka, akampapasa kifua, akasema basi, yatosha kwa sasa. Hadithi hizi zimetufikia kupitia watu waliompenda Ramakrishna, na msomaji azisome akilijua hilo. Lakini angalia jinsi wapenzi hao walivyotunza bila haya habari za mwanafunzi aliyedhani guru wake ana kichaa.

Habari ninayoipenda zaidi ni ya sarafu. Ramakrishna alijulikana kwa kutovumilia kugusa fedha. Ilisemekana kwamba mwili wake wenyewe ulizikataa. Siku moja, wakati hayupo chumbani, Narendra aliificha sarafu chini ya godoro lake kisha akakaa kimya kusubiri. Mzee aliporudi na kuketi kitandani, alishtuka na kuinuka kama aliyechomwa na kitu, asijue kwa nini. Waliokuwepo wakapekua godoro, sarafu ikadondoka. Ramakrishna alipotambua ni kazi ya nani, alifurahi. Aliwaambia wanafunzi wake wampime kama wavunja fedha wanavyozipima sarafu kabla ya kuzipokea. Mimi hupenda kuwazia zile sekunde chache kabla mzee hajaketi, kijana akiwa kando, moyo ukimdunda, huenda akiomba kimoyomoyo kwamba jaribio lake lishindwe. Mtu hajisumbui kumpima hivyo mwalimu asiyemjali.

Upimaji ulikuwa wa pande zote mbili. Kuna kipindi ambapo Ramakrishna, kwa wiki kadhaa, hakumsemesha Narendra hata neno moja, wala hakumtazama alipoingia. Narendra aliendelea kuja, akaketi, akazungumza na wenzake, akaondoka. Mwishowe mzee alimuuliza: sikusemeshi, kwa nini unakuja? Akajibiwa: nakuja kwa sababu nakupenda. Wakati huo kijana bado alikuwa anaikataa Kali waziwazi, mungu yuleyule ambaye guru wake alimwita Mama mchana na usiku. Utaratibu huu wa mambo ndio ninaoutilia mkazo: mapenzi yalitangulia, imani ikafuata kwa mwendo wake, na utii ukaja mwisho kabisa.

Mwaka 1884 baba yake Narendra alifariki ghafla na kuacha madeni. Wadai wakabisha hodi, ndugu wakafungua kesi, na kijana aliyekulia katika neema akawa anazunguka mji mzima bila viatu na bila chakula akitafuta kazi. Alimwendea guru wake, akamwomba amwombee kwa Kali. Ramakrishna akamwambia aende akaombe mwenyewe. Narendra aliingia hekaluni usiku ule, na alipotoka aligundua kwamba ameomba maarifa, utambuzi, kuikinai dunia na bhakti, fedha akazisahau. Akarudishwa ndani mara ya pili, na ya tatu, na kila mara ulimi ukashindwa kutaja fedha. Hapo ndipo Ramakrishna alipomhakikishia kwamba familia yake haitakosa chakula cha kawaida na nguo za kawaida. Kinachonigusa hapa ni kwamba mwalimu hakujiweka katikati. Angeweza kumwombea, na mwanafunzi angebaki na deni kwake maisha yake yote.

Saratani ya koo ilimwanza Ramakrishna mwaka 1885. Wanafunzi walimhamishia katika nyumba yenye bustani huko Cossipore, wakagawana zamu za kumuuguza. Ilipoenea hofu kwamba ugonjwa unaambukiza na baadhi yao wakaanza kusita kumkaribia, inasimuliwa kwamba Narendra alichukua kikombe cha uji ambao mgonjwa alikuwa ameubakisha, uliochanganyika na mate yake, akaunywa mbele yao wote. Katika nyumba hiyohiyo alimwomba guru wake ampe neema ya kuzama katika tafakuri siku nyingi mfululizo. Alikemewa. Nilidhani utakuwa kama mti mkubwa ambao watu watakuja kupumzika chini ya kivuli chake, aliambiwa, kumbe unautafuta wokovu wako mwenyewe tu. Ramakrishna alifariki tarehe 16 Agosti 1886.

Sitaki msomaji adhani kila guru ni Ramakrishna. Wahindu wenyewe wanayo hadithi ya Ekalavya, kutoka katika utenzi wa Mahabharata, kijana wa msituni aliyekataliwa na mwalimu wa upinde Drona kwa sababu ya asili yake. Aliunda sanamu ya Drona kwa udongo, akajifunza mbele yake, akawa hodari kuliko wana wa wafalme. Drona alipogundua, alidai ada ya mwalimu, ile iitwayo dakshina, nayo ilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya akakikata bila kusita. Vizazi vingi vimeisimulia kama sifa ya mwanafunzi. Wadaliti wa India, watu wa tabaka lililobaguliwa kuliko yote, ambao wanaijua vizuri milango iliyofungwa, huisoma kama mashtaka dhidi ya mwalimu, na mimi nipo upande wao. Wala si mambo ya kale tu: mwaka 2018 mahakama ya Jodhpur ilimhukumu Asaram, guru aliyekuwa na wafuasi wengi mno, kifungo cha maisha kwa kumbaka msichana ambaye hajafikia umri wa utu uzima, na bado wapo waliosimama nje ya magereza wakililia kosa wanalodhani ametendewa yeye. Hao wamekusanya kusujudu na kutumikia, wakaliruka lile la katikati, kuuliza.

Kuhusu Narendra, kifo cha guru hakikuyamaliza mambo. Mwaka 1890, akiwa mtawa anayetangatanga, alifika Ghazipur akakutana na Pavhari Baba, mtu mtakatifu aliyeishi pangoni, akavutiwa naye kiasi cha kuamua kuomba diksha kwake. Usiku uliotangulia siku hiyo alimwona Ramakrishna amesimama mbele yake, akimtazama kwa huzuni bila kusema kitu. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku, mpaka azma ikamtoka. Miaka mitatu baadaye alikuwa Chicago, katika Bunge la Dini la mwaka 1893, na mwaka 1897 akaanzisha Misheni ya Ramakrishna, yenye shule na hospitali hadi leo.

Guru wake aliwahi kumwambia kwamba popote utakaponichukua begani mwako, hapo ndipo nitakapokwenda na kukaa. Mwezi Desemba mwaka 1898, kiwanja kikiwa kimekwisha kupatikana Belur, ng'ambo ya mto, ili kujengwa makao ya watawa, chombo chenye majivu ya Ramakrishna kilihitaji kupelekwa huko. Vivekananda, aliyekwisha kushangiliwa Marekani na Uingereza, hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alikiinua chombo, akakiweka kwenye bega lake la kulia, akatembea nacho.