Je, wajua kwa nini gari la spoti lililozeeka hupoteza maji bila kuacha hata tone chini?

Asubuhi unafungua boneti, unaitazama chupa ya akiba ya maji ya rejeta, na unakuta kiwango kimeshuka upana wa kidole kimoja tangu Jumamosi iliyopita. Unainama kutazama sakafu, ni kavu. Unapapasa mipira, nayo ni mikavu. Fundi wa kwanza anakuambia gari linakula maji, jambo ambalo ulikuwa unalijua kabla hujamfuata. Wa pili anataka kufungua silinda hedi, yaani kifuniko kikubwa cha juu ya silinda za injini, siku hiyo hiyo. Wa tatu anashauri utie dawa ya kuziba na uendelee na safari zako. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lilipaswa kutangulia mengine yote: maji haya yanatoka wakati gani? Uvujaji unaosumbua watu kwa miezi mingi karibu kila mara hutokea katika hali moja tu ya injini, ilhali gari hukaguliwa likiwa katika hali nyingine.

Ili kulielewa jambo hili, ni lazima kwanza kukumbuka kwamba mfumo wa kupozea injini umefungwa na una shinikizo. Injini ikipata moto, maji yaliyomo hutanuka. Katika mfumo wenye lita 7 hivi, kutoka ubaridi wa asubuhi hadi nyuzi 90 za Selsiasi, ongezeko hilo hufikia robo lita au zaidi, na kwa kuwa kifuniko cha rejeta huyazuia yasitoke ovyo, shinikizo hupanda hadi karibu bar 1 juu ya lile la hewa ya nje. Shinikizo hilo limekusudiwa. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 ufukweni hayachemki chini ya shinikizo hilo mpaka yafikie nyuzi 120 hivi, na kulanti, yaani maji yaliyotiwa dawa ya kupozea injini, ikichanganywa vizuri huvuka hata hapo. Nairobi, ambako maji kwenye sufuria huchemka kwa nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, gari lenye kifuniko kilichochoka huanza kuchemsha mapema kuliko lingechemsha Mombasa, ingawa Mombasa kuna joto zaidi. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachopaswa kushukiwa kwanza.

Shinikizo hilo hilo linalookoa injini ndilo linalopenyeza maji kwenye ufa mwembamba kama unywele ambao, injini ikiwa baridi, hautoi chochote. Tufanye hesabu. Tuseme gari linapoteza nusu lita kwa wiki, na ndani ya wiki hiyo linaendeshwa saa 10. Hiyo ni mililita 50 kwa saa, yaani takriban matone 1,000, au tone moja kila baada ya sekunde tatu hadi nne. Tone likiangukia chuma chenye joto la nyuzi mia kadhaa, kama ilivyo kwenye bomba la moshi au kwenye nyumba ya tabo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa), hugeuka mvuke papo hapo na kupeperushwa na upepo wa feni. Ndiyo maana chini hapaonekani kitu. Kinachobaki ni harufu tamutamu, kama ya sharubati iliyoungua, na ukoko mwembamba wenye rangi ya kulanti iliyokauka.

Gari linaloonyesha haya yote vizuri, na ambalo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu, ni Subaru Impreza yenye tabo ya miaka ya 1990. Modeli ya kwanza ilitoka mwaka 1992, na mapenzi ya watu wa huku kwa gari hilo yalikolezwa na Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda akiwa na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo Impreza za wakati huo zilizoko huko ziliingia zamani na zimezeekea kwenye barabara za huko. Kila kilichotengenezwa kwa mpira au plastiki ndani yake, kama hakijabadilishwa, kimepita mara elfu nyingi katika mzunguko wa kupata moto na kupoa.

Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na kwa hiyo ina silinda hedi mbili na gasketi mbili, yaani vizibo bapa kati ya hedi na bloku, badala ya moja. Gasketi hizo zimekaa chini na pembeni, na mabomba ya moshi yanapita chini yake kabisa, kwa hiyo jasho lolote la maji kwenye ukingo wa chini wa gasketi hudondokea mahali penye moto kuliko pengine pote. Pampu ya maji imefichwa mbele, nyuma ya jalada la mkanda wa taimingi, nayo huzungushwa na mkanda huo huo. Tabo nayo hupozwa kwa maji, na mipira yake midogo hupita mahali ambapo mpira wa kawaida hugeuka mgumu kama mkaa. Chini ya menifoldi ya kuingizia hewa kuna bomba la maji na mipira mingine mifupi ambayo mkono wa mtu mzima haufiki. Maji yakitoka hapo hutuama juu ya bloku, yakakauka juu ya moto, na hayafiki chini hata siku moja. Anayelikagua gari la namna hii kwa kulitazama kutoka juu tu amekagua sehemu ndogo sana.

Kuna uvujaji wa aina nyingine ambao hutokea injini ikiwa baridi tu, nao ndio unaowachanganya watu zaidi. Mpira uliozeeka hupoteza mnyumbuko na kushika umbo la klipu iliyoubana. Usiku wa baridi mpira husinyaa kuliko chuma, na klipu ya kukaza kwa bisibisi haina uwezo wa kuufuata, kwa hiyo nafasi ndogo hutokea kati yao. Niliwahi kuliona tone la namna hiyo kwenye Impreza ya mwaka 1998 iliyolala nje, Arusha, mwezi wa Julai. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kichwa cha skrubu ya klipu, mahali mpira wa chini wa rejeta unapoungana na nyumba ya themostati (vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), lilining'inia tone la kijani lisilozidi punje ya mtama, na chini yake palikuwa na ukoko mweupe uliofanana na chumvi. Tulisubiri. Baada ya muda lilianguka, lingine likaanza kujijaza mahali pake. Injini ilipowashwa na kuunguruma dakika kumi, mpira ulitanuka, pakakauka kabisa, na mtu ambaye angefika wakati huo angeapa kwamba hapajawahi kuvuja. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua rejeta mpya, kwa sababu kila alipolipeleka gereji lilifika likiwa limepata moto.

Kwa hiyo utafutaji wa kweli huanza kabla ya kushika spana. Kwa siku kadhaa pima kiwango cha maji asubuhi tu, injini ikiwa baridi, na uandike ulikopita siku iliyotangulia: foleni, mlima, safari ndefu, au gari lilisimama tu. Gari linalopoteza maji likiwa limeegeshwa lina uvujaji wa baridi. Linalopoteza kwenye foleni pekee huenda lina tatizo la feni au kifuniko. Linalopoteza kwenye milima na mwendo wa kasi, na kutulia mjini, linastahili kushukiwa gasketi. Tandika pia boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, na uliwekee alama ya mahali magurudumu ya mbele yalipo, ili doa likitokea ujue limedondoka chini ya kitu gani.

Hatua inayofuata ni pampu ya kupimia shinikizo, chombo cha mkono chenye geji ambacho hufungwa mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi kabisa, unasukuma hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, kisha unaacha kwa nusu saa huku ukitazama mshale. Uzuri wa chombo hiki ni kwamba kinaleta shinikizo la injini ya moto bila kuleta moto wenyewe, hivyo maji yanayotoka hayageuki mvuke na unaweza kuyafuata kwa tochi na kioo kidogo cha mpini mrefu kama cha daktari wa meno. Tazama mahali plastiki ya tangi la rejeta inapokutana na alumini, maana plastiki iliyogeuka kahawia imekaribia kupasuka. Tazama ukingo wa chini wa jalada la taimingi, kwa kuwa pampu ya maji ina kitundu kilichowekwa makusudi ili maji yakipita sili yatoke nje kabla ya kuharibu beringi, na kwenye gari hili hutiririka ndani ya jalada na kujitokeza mbali na yalikoanzia. Kama mshale unashuka na hakuna unyevu popote, ingia ndani ya gari, inua kapeti upande wa abiria wa mbele na upapase. Maji ya kiyoyozi ni mepesi na hayana harufu; ya hita, ambayo ni yale yale ya injini, yanateleza vidoleni na kunukia utamu, na kioo cha mbele hushika ukungu wenye mafuta. Usiyaonje kamwe ili kutofautisha, na usiyaache sakafuni. Kulanti ya kawaida ni sumu, na utamu wake huvutia mbwa na watoto.

Jaribio hilo hilo lirudiwe injini ikiwa vuguvugu, kwa sababu sehemu nyingine hufunguka joto linapopanda. Kifuniko, hata hivyo, kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyozidi nyuzi 100 hulipuka kuwa mvuke mara shinikizo linapoachiwa, na majeraha yake ni mabaya mno. Pale ambapo pampu ya kupimia imeshindwa kuonyesha kitu, rangi maalumu hutiwa kwenye kulanti, gari likaendeshwa siku mbili tatu kama kawaida, kisha likakaguliwa usiku kwa taa ya urujuanimno. Njia hii ninaithamini kuliko zote kwa uvujaji wa chini ya menifoldi, kwa sababu inarekodi kilichotokea barabarani wakati hakuna aliyekuwa anatazama: maji yamekwisha kuwa mvuke, lakini rangi imebaki ikimeremeta pale pale yalipotokea.

Gasketi ya silinda hedi inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu ni kazi ya gharama na huhukumiwa haraka mno. Ikipitisha gesi ya mwako kuingia kwenye maji, mipira hukakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, chupa ya akiba hutoa mapovu mfululizo, na maji husukumwa nje hata kama hakuna kilichopasuka. Kipo kipimo cha kimiminika cha buluu ambacho hugeuka njano kikivutiwa hewa ya rejeta yenye gesi hiyo. Hata hicho kinaweza kudanganya kikifanywa gari likiwa limesimama, kwani gasketi nyingine hupitisha gesi injini ikibeba mzigo tu, kwa mfano kupanda mlima kwa gia ya tatu. Inafaa kupima mara tu gari linaporudi kutoka huko.

Wakati mwingine hakuna tundu lolote. Maji yaliyotanuka husukumwa kwenda chupa ya akiba, na injini ikipoa yanapaswa kuvutwa kurudi. Mpira mwembamba wa chupa ukiwa na ufa, au vali ndogo ya kifuniko ikikwama, rejeta huvuta hewa badala ya maji: chupa imejaa, rejeta imepungua. Matoleo mengi ya Impreza yenye tabo yana vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la juu, vyenye nguvu tofauti, na aliyewahi kuvibadilishana bila kujua amejitengenezea ugonjwa usiokuwapo.

Dawa ya kuziba siishauri kwenye gari hili kama njia ya kutibu kisichojulikana, kwa kuwa njia za maji za tabo na hita ni nyembamba na haichagui pa kuziba. Kung'oa themostati ni vibaya zaidi. Huficha dalili na kuiacha injini ikifanya kazi ikiwa baridi mno. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hutumiwa kujazia kila siku ili safari iendelee, hula alumini na kuongeza matundu mapya wakati la kwanza bado linatafutwa.

Baada ya kurekebisha, jaza polepole kupitia tangi la juu, washa hita hadi itoe hewa ya moto kweli, na uache hewa iliyonaswa itoke. Bandika kipande cha tepu kwenye chupa sawa na kiwango cha maji. Siku mbili tatu za mwanzo kitashuka kidogo, kwa kuwa hewa iliyobaki bado inatoka, na hapo rudishia hadi kwenye tepu. Kama asubuhi ya wiki ya pili, injini ikiwa baridi, maji yako kwenye tepu ile ile, basi tundu uliloliziba lilikuwa ndilo.