Nguo ikikubana, usikimbilie saizi kubwa

"Fundi, hili shati linanibana, niongezee kifuani." Hakuna ombi ninaloletewa mara nyingi kama hili. Kabla sijagusa mkasi namwambia mwenye shati alivae, asimame huku mikono imelegea ubavuni. Aghalabu kifua kina nafasi tele. Kisha namwambia anyooshe mkono kama mtu anayetoa kitu juu ya kabati. Hapo shati zima linapanda, pindo linachomoka kwenye suruali, na mkono wa shati unakimbia kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi nusu ya kigasha. Kasoro haiko kifuani. Iko kwapani.

Hili la kwapa natamani kila anayenunua nguo alijue, maana liko kinyume na tunavyodhani. Tundu la mkono likikatwa chini sana, ni kama mkono umeshonewa ubavuni: ukiuinua, unainua na ubavu wa nguo. Likikatwa juu, karibu na kwapa lenyewe lakini bila kulikwaruza, mkono unazunguka peke yake na nguo iliyobaki inatulia mahali pake. Ndiyo maana shati lililokukaa sawasawa kwapani linakupa uhuru kuliko shati pana lenye makwapa yanayoning'inia. Mtu akihamia saizi kubwa kutafuta raha, anapata kwapa lililoshuka zaidi, mabega yaliyopitiliza, na mkono bado haunyanyuki. Wala si kazi rahisi kulipandisha tundu lililokwisha kukatwa, kwa kuwa kitambaa cha kujazia kimeshaondoka. Ninachoweza kufanya ni kutia kipande cha pembe nne chini ya kwapa, kiupe mkono nafasi ya kwenda juu. Kinasaidia sana, ila kipate kitambaa kinachofanana.

Suruali nayo ina kwapa lake, nalo ni msamba. Mteja ananiambia kiuno ni kidogo, kwa sababu akikaa suruali inateremka nyuma na kumkaba mbele. Nikipima, kiuno ni sawa. Kilichopungua ni urefu wa ule mshono unaotoka kiunoni mbele, kupita msambani, hadi kiunoni nyuma. Ukikaa, makalio yanatanuka na mgongo unajipinda, hivyo upande wa nyuma unahitaji urefu zaidi. Usipokuwepo, suruali inauvuta kutoka kiunoni. Anayenunua kiuno kikubwa kutibu hilo anaishia na suruali inayopwaya akisimama na bado inamteremka akikaa. Kwa hiyo suruali ijaribu ukiwa umekaa, tena umeinama kidogo kama unayefunga kamba za viatu. Kusimama mbele ya kioo hakukuambii lolote kuhusu msamba.

Mafundi tuna vipimo viwili, cha mwili na cha nguo. Tofauti kati yake tunaiita nafasi. Kwa kitambaa kisichovutika, shati la kukaa mwilini mimi huliachia sentimita 8 hadi 10 kuzunguka kifua, na makalio takriban 5. Kiuno cha suruali kinatosheka na 2 au 3, kwa sababu kazi yake ni kushika. Kitambaa cha fulana kinaweza kuwa sawa na mwili au hata pungufu kidogo, kwani chenyewe kinavutika. Nafasi hizo si za urembo. Ukikunja goti, ngozi yake inanyooka kwa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake wa kawaida, na nguo lazima ivutike, iteleze, au iwe na ziada. Isipofanya lolote kati ya hayo, mshono ndio unaolipa, au wewe.

Nasema wewe kwa uzito wote. Suruali inayokaba sana kwenye kinena inaweza kubana neva inayohudumia ngozi ya upande wa nje wa paja, ukahisi ganzi au moto. Madaktari wanaiita meralgia paresthetika. Ukiona dalili hizo, legeza nguo, na zikiendelea muone daktari.

Kitambaa nisikizungumze sana, ila pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, na poliesta haifiki hata asilimia 1. Kipimo kilekile kikishonwa kwa poliesta kinaweza kukunatia mwilini jasho likitoka. Nyuzi za elastane, zile zinazovutika kama mpira, hata zikiwa asilimia 2 tu, zinasaidia mno kwenye jinzi. Adui zake ni joto kali na dawa ya kung'arishia, kwa hiyo jinzi ya namna hiyo ianike kivulini.

Ukiwa chumba cha kujaribia, soma mikunjo. Mikunjo ya kulala, kama ile ya kati ya vifungo au kwenye mapaja, inasema nguo ni ndogo hapo. Ya kusimama, inayoning'inia, inasema kitambaa kimezidi. Ya mshazari inaelekea palipokwama: ifuate kwa kidole na utafika kwenye bega, kwapa au msamba.

Kisha chagua kwa kuangalia mabega, kwa suruali makalio. Kiuno, ubavu na urefu napunguza kwa muda mfupi. Bega linataka nifumue mkono mzima, na mara nyingi siliafiki. Ukitaka kujua kama nguo inaweza kuongezwa, igeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni na wa nyuma ya kiuno. Ukikuta kitambaa cha ziada cha sentimita 2 kila upande, niletee. Ukikuta umekatwa ukingoni kabisa mwa uzi, iache dukani.